Kabini ya Watu Wawili: Hesabu ya Siku ya Kuzaliwa Baharini

Mume na mke wanaoishi Houston au Dallas, wakitaka kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya mmoja wao mahali pengine bila kupanda ndege, wana bandari ya Galveston kusini-mashariki mwa Texas. Meli kubwa za kitalii hung'oa nanga pale alasiri, hasa mwishoni mwa juma, na kuelekea magharibi ya bahari ya Karibi. Hutia nanga Cozumel na Costa Maya nchini Mexico, mara nyingi pia Roatán nchini Honduras, kisha hurudi palepale baada ya usiku saba. Nauli inayotangazwa huwa inashangaza kwa unafuu wake. Kitanda, milo yote ya siku, ukumbi wa maonyesho, muziki, bwawa la kuogelea na usafiri wenyewe vinauzwa kwa fedha ambayo ufukweni Florida isingetosha hata hoteli ya kawaida pamoja na chakula.

Unafuu huo ni wa kweli, lakini una masharti yake, na wawili wasioyajua hurudi nyumbani na bili inayotia uchungu katika kumbukumbu ya sherehe. Nimeona ni vyema kueleza kwa utulivu jinsi biashara hii inavyofanya kazi, maana siku ya kuzaliwa ndiyo siku ambayo mtu hukubali kulipa bila kuuliza.

Tuanze na namna ya kuuza. Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa hesabu kwamba kabini imelala watu wawili. Kabini ndicho kipimo cha biashara nzima. Anayesafiri peke yake kwa kawaida hutozwa karibu nauli mbili, kwa sababu kampuni haihesabu kitanda kitupu tu, inahesabu pia mtu wa pili ambaye angenunua vinywaji, picha, matembezi na huduma za spa. Kwa hiyo mume na mke ndio wateja wanaoifaa meli kuliko wengine wote.

Hesabu za kampuni zenyewe zinalionyesha jambo hili waziwazi. Carnival Corporation, iliyo kubwa kuliko zote katika biashara hii, ilipata mapato ya dola bilioni 21.6 katika mwaka wake wa fedha wa 2023. Kati ya hizo, tiketi zilileta takriban bilioni 14.1. Zilizobaki, kama bilioni 7.5, zilitokana hasa na yale yanayouzwa abiria akishapanda: vinywaji, kasino, matembezi ya nchi kavu, intaneti, maduka na kadhalika. Theluthi moja nzima. Kampuni inaweza kushusha nauli ili kabini isibaki tupu, ikijua kwamba wawili watakaolala humo watalipa tena, kidogo kidogo, kwa siku saba.

Na hulipa bila kushika pesa. Siku ya kupanda kila abiria hupewa kadi inayofungua mlango wa kabini, inayotumika pia kwa kila ununuzi. Kadi hiyo imeunganishwa na kadi ya benki. Noti hazionekani melini ila kwenye meza za kasino, nayo kasino hufunguliwa meli ikishatoka nje ya maji ya nchi. Mtu asiyetoa noti mfukoni hapati ile dakika ndogo ya kujiuliza kama kweli anakihitaji kitu anachokinunua.

Tuchukue mfano. Tuseme nauli, pamoja na kodi na ada za bandari, ni dola 850 kwa kila mmoja, yaani 1,700 kwa wawili. Namba za mfano huu ni zangu, ila nimezipanga karibu na viwango vya soko. Bakshishi ya wahudumu inayotozwa moja kwa moja, ambayo katika kampuni nyingi za kawaida huwa kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku, tuifanye 17: kwa watu wawili na siku saba ni 238. Kifurushi cha vinywaji cha dola 70 kwa siku, kikiongezwa asilimia 18 ya huduma, kinafika karibu 83. Kwa wawili kwa safari nzima ni 1,156. Intaneti ya simu moja, 140. Matembezi mawili ya nchi kavu ya dola 90 kwa kila mtu, 360. Chakula cha jioni ya siku ya kuzaliwa katika mgahawa wa kulipia, pamoja na ada ya huduma, 118. Maegesho ya gari Galveston, 150. Jumla ni dola 3,862. Nauli ya 1,700 imezidi maradufu, na hatujagusa spa, picha, kasino wala zawadi.

Katika orodha hiyo kuna kitu kimoja kilicho kikubwa kuliko vyote baada ya nauli, nacho ni kifurushi cha vinywaji. Hapa ndipo ninapowaomba wanandoa wasome kwa makini. Kampuni kadhaa kubwa zina kanuni kwamba mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, kila mtu mzima wa kabini hiyo lazima anunue pia. Sababu yao inaeleweka: hawataki kifurushi kimoja kinyweshe watu wawili. Lakini kwa nyumba ambayo mmoja hanywi, kwa dini yake au kwa afya yake, kanuni hiyo ina maana ya kulipia mamia ya dola kwa glasi za soda na maji ya machungwa. Na hata wote wawili wakinywa, hesabu bado ni ngumu. Kokteli ya dola 14 pamoja na ada ya huduma ni kama dola 16 na nusu, hivyo mtu lazima anywe tano kila siku ili kifurushi kirudishe gharama yake. Siku za bandari, ambazo ni tatu au nne katika safari ya usiku saba, wengi huwa nje ya meli hadi alasiri. Watu wachache sana hunywa kiasi hicho wakabaki na raha ya safari.

Maji ya kunywa, chai, kahawa ya kawaida na vinywaji vya kifungua kinywa kwa kawaida vimo ndani ya nauli. Wanandoa wasiokunywa pombe wanaweza kuacha kifurushi bila kupungukiwa na lolote, na wanaokunywa kwa kiasi wakalipia glasi moja moja. Katika mfano wetu, uamuzi huo mmoja unarudisha nyumbani zaidi ya dola elfu moja, au unawapandisha kutoka kabini ya ndani isiyo na dirisha hadi kabini yenye roshani. Kwa maoni yangu, roshani inashinda. Kabini za kawaida ni ndogo, nyingi zina mita za mraba 13 hadi 17, na wawili watakaokaa humo juma zima wanahitaji mahali pa mmoja kukaa nje akitazama bahari huku mwingine amelala. Ndoa nyingi zenye amani zimejengwa juu ya nafasi ndogo za namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mipango ya siku ya kuzaliwa hulisahau. Tarehe ya kuzaliwa haihami, ila bei na hali ya bahari hubadilika mwaka mzima. Msimu wa vimbunga katika bahari ya Atlantiki, pamoja na Karibi na Ghuba ya Mexico, huhesabiwa kuanzia tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kilele chake ni kati ya katikati ya Agosti na Oktoba. Septemba, watoto wakisharudi shuleni na dhoruba zikiwa kileleni, nauli huwa miongoni mwa zile za chini kabisa. Aliyezaliwa Septemba basi hupata kabini nzuri kwa bei ndogo, na kwa upande wa pili hana hakika ya kuiona Cozumel. Mkataba wa tiketi humpa nahodha haki ya kubadili njia, kuruka bandari au kuchelewa kurudi kwa ajili ya usalama, na kinachorudishwa kwa kawaida ni ada za bandari iliyorukwa tu. Nahodha hafanyi hivyo kwa uonevu. Meli ya kisasa huona dhoruba mapema na kuikwepa. Lakini wawili waliopanga kuvishana pete upya katika ufukwe fulani saa fulani wajue kwamba ufukwe huo haumo katika ahadi. Aliyezaliwa mwishoni mwa Desemba ana tatizo kinyume chake: bei ya juu kuliko zote, na watoto wa watu wengine kila mahali. Majuma ya Januari baada ya sikukuu, na majuma ya mwanzo wa Desemba, ndiyo yenye wastani mzuri wa bei na utulivu. Kama tarehe yenu iko mbali na hapo, sioni ubaya wa kusogeza sherehe.

Siku yenyewe iangukie wapi ndani ya safari? Wengi hawaulizi. Siku ya kwanza ni ya foleni, mikoba inayochelewa kufika kabini na zoezi la usalama ambalo kila abiria analazimika kulifanya. Usiku wa mwisho mizigo huwekwa nje ya mlango kabla ya usiku wa manane, na asubuhi watu hutakiwa kuondoka kabini mapema ili isafishwe kwa ajili ya abiria wa alasiri. Siku ya kuzaliwa isiwe kwenye ncha hizo mbili. Siku za bandari zina mwendo na mshughuliko wake. Siku ninayoipendekeza ni ile ya kuwa baharini tu, hasa ya pili au ya tatu, meli ikiwa katikati ya Ghuba, pasipo mahali pa kukimbilia wala saa ya kurudi. Jioni moja kati ya zile za mwanzo huwa ya mavazi rasmi, na wapiga picha husimama kwenye ngazi. Gauni na kanzu au suti zilizobebwa kutoka nyumbani hupata kazi yake. Mwambieni mhudumu wa meza mapema kwamba kuna siku ya kuzaliwa. Katika meli nyingi keki ndogo na wimbo wa wahudumu hutolewa bila malipo. Mapambo ya kabini ni ya kununua, na huagizwa kabla ya safari.

Anayeogopa mrama achague kabini ya katikati ya meli, sitaha ya chini. Omo na tezi ndizo zinazopanda na kushuka zaidi bahari ikichafuka, na kadiri sitaha ilivyo juu ndivyo mtikisiko unavyohisiwa zaidi. Meli hizi zina mapezi ubavuni chini ya maji yanayopunguza kuyumba, hivyo wengi hawaumwi kabisa.

Sasa swali la karatasi, ambalo kwa msomaji wa Kiswahili aliyeko Marekani lina uzito kuliko bei. Kwa nini meli iliyotoka Texas haitembelei tu fukwe za Florida na kurudi? Jibu liko katika sheria ya mwaka 1886, Passenger Vessel Services Act, inayozuia meli zisizo za Kimarekani kubeba abiria kati ya bandari za Marekani. Karibu meli zote kubwa za kitalii zinapeperusha bendera za Bahamas, Panama, Bermuda, Malta na nchi nyingine za namna hiyo, kwa hiyo safari inayoanzia na kuishia Galveston ni lazima iguse bandari ya nchi ya kigeni. Maana yake kwa abiria ni kwamba umetoka Marekani, hata kama hukushuka Cozumel, hata kama umelala usingizi kutwa nzima kabini. Ukirudi, utapita mbele ya ofisa wa uhamiaji kama mtu aliyefika kutoka nje.

Raia wa Marekani katika safari za namna hii, zinazoanzia na kuishia bandari moja, anaweza kurudi kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho chenye picha. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania hana nafasi hiyo. Mwenye ukazi wa kudumu abebe kadi yake na pasipoti iliyo hai. Mwenye viza ya masomo au ya kazi aangalie kama bado inamruhusu kuingia tena. Na yule ambaye ombi lake la hifadhi au la ukazi bado linasubiri majibu asikanyage ngazi ya meli kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji, kwa sababu kutoka nchini bila kibali cha kurudi kunaweza kuua ombi la miaka mingi. Sherehe ya juma moja haistahili bei hiyo. Karatasi hukaguliwa gatini kabla ya kupanda. Aliyepungukiwa huachwa, na nauli hairudi.

Kwa aliyeko Nairobi au Dar es Salaam, njia iliyo karibu zaidi ni Durban, ambako kampuni ya MSC imekuwa ikiweka meli katika miezi ya joto ya kusini kwa safari fupi za kuelekea Msumbiji. Mombasa na Zanzibar hupokea meli za kitalii pia, hasa nyakati za kaskazi, lakini kwa sehemu kubwa ni vituo vya kupita vya safari zilizoanzia kwingine.

Bendera za kigeni nilizozitaja juu zina maana nyingine pia, nayo ndiyo sababu ya pili ya unafuu wa nauli. Meli hufuata sheria za kazi za nchi ya bendera yake, si za Texas. Carnival Corporation ilisajiliwa Panama, Royal Caribbean imesajiliwa Liberia, na kampuni mama ya Norwegian Cruise Line imesajiliwa Bermuda, ingawa makao ya kazi ya zote tatu yako Miami na viunga vyake. Kodi ya mapato ambayo kampuni hizo hulipa Marekani ni ndogo sana kwa sababu sheria ya kodi ya nchi hiyo husamehe mapato ya meli za kampuni za nje zikitimiza masharti fulani. Mabaharia na wahudumu hutoka hasa Ufilipino, Indonesia na India, na wamo pia Wakenya. Mikataba yao huwa ya miezi sita hadi tisa mfululizo. Hufanya kazi siku saba kwa juma, saa kumi au zaidi kwa siku, na hulala wawili wawili katika vyumba vidogo vya sitaha za chini. Mkataba wa kimataifa wa kazi za baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unataka kila mmoja apate angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24 na saa 77 katika kila siku saba. Hicho ndicho kiwango cha chini kinachomlinda anayekutandikia kitanda kila siku, na ni kiwango kinachoonyesha kazi yake ilivyo ndefu.

Nalisema hili kwa sababu ya bakshishi. Katika kampuni kadhaa abiria anaweza kwenda kwenye kaunta na kuomba zile dola 16 hadi 20 za siku ziondolewe, na wapo wanaofanya hivyo kila safari, wakijiona wamebana matumizi. Kwa mhudumu wa kabini na wa meza, fedha hiyo ni sehemu ya mapato yenyewe. Bakshishi hii ingetakiwa kuwa ndani ya nauli tangu mwanzo. Kampuni huiweka pembeni ili bei ya tangazo ionekane ndogo. Tangu Julai 2024, baada ya sheria ya California kutaka bei za matangazo zijumuishe ada za lazima, kampuni zimekuwa zikionyesha kodi na ada za bandari ndani ya bei. Bakshishi bado iko nje. Wewe ihesabu kama nauli, uilipe yote, na kama imewezekana umwachie mhudumu wako kitu cha ziada mkononi. Mtu anayewaimbia keki ameikosa siku ya kuzaliwa ya mwanawe mwaka huu, na huenda ataikosa ya mwakani.

Mambo machache yaliyobaki ni mafupi. Daktari wa meli hulipwa, na bima nyingi za afya za Marekani hazimlipi. Nunueni bima ya safari inayogharamia kusafirishwa kwa dharura. Nawa mikono kwa maji na sabuni kabla ya kila mlo, kwa kuwa dawa ya kupaka ya mikono haiviui vyema virusi vya norovirus vinavyoleta kuhara na kutapika melini. Weka simu katika hali ya ndege tangu Galveston, maana mtandao wa simu wa melini hutoza bei ya kutisha. Jamaa wa Moshi na Kisumu watakaotaka kukupongeza wakupigie kwa intaneti uliyoinunua. Na kwenye bandari ufuate saa ya meli. Jimbo la Quintana Roo, zilipo Cozumel na Costa Maya, halibadilishi saa zake, hivyo wakati wa baridi liko saa moja mbele ya Texas. Ukienda matembezi ya kampuni yenyewe, meli itakungoja. Ukienda kwa teksi yako ukachelewa, utaiona ikiondoka.

Je, inafaa? Kwa wawili wenye karatasi kamili, walioandika kabla ya kuondoka ni vitu gani watanunua na vipi wataacha, safari hii ni zawadi nzuri kuliko nyingi za bei yake. Nauli yake inatoa kitu ambacho maisha ya zamu mbili za kazi huko ughaibuni huwanyima wanandoa wengi: siku kadhaa mfululizo za kula pamoja bila mmoja wao kupika. Mkiwa na deni, au karatasi zenye shaka, subirini.

Ukishafika nyumbani, kampuni itakutumia fomu ya maoni kwa barua pepe. Usiifute. Andika jina la aliyekutunzia kabini na la aliyewahudumia mezani, kama yalivyo kwenye vibandiko vyao vya kifuani. Majina yanayotajwa na abiria huhesabiwa pale wahudumu wanapofikiriwa kupandishwa vyeo.